Anwani ya Swantje

Swantje alikuja kwangu na kompyuta kwapani kwa sababu jikoni kwangu kuna meza kubwa, na kwake hakuna meza kabisa. Anakaa juu ya duka la mikate, chumba kimoja, picha amezitandaza hadi kitandani. Tulijuana kwenye kantini ya bandari ya samaki. Mimi nilikuwa nakula mkate na samaki wa chumvi, yeye akaupiga picha mkate wangu bila kuniuliza.

"Binti," nikamwambia, "nikimaliza kula utapiga nini?"

"Makombo," akasema, akaendelea kupiga.

Toka siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana, baadaye watu wa chai.

Mimi nimetangatanga sana. Nimepika melini, nimefunga na kufungua bembea za maonyesho mji hadi mji, na shule niliipata vipande vipande, pale tulipokaa muda wa kutosha mwalimu akalijua jina langu. Mambo ya tovuti sikuyajua. Lakini nilijua kitu kimoja kutoka kwenye bembea: ukiwasha taa nyingi mno, mpita njia hasimami.

"Punguza," nikamwambia aliponionyesha. Alikuwa ameweka picha kama mtu anayemwaga gunia.

"Zote nzuri, mzee."

"Ndiyo shida yenyewe. Hii ya samaki mkunga kwenye moshi, ibaki. Huyu mama anayecheka na kisu mkononi, abaki. Hawa ndege shakwe wa nini? Kila mtu mji huu ana picha ya shakwe."

"Shakwe huyu ana macho ya afisa wa kodi."

"Basi mpelekee afisa wa kodi. Hapa mtoe."

Alimtoa, huku ananung'unika. Tukafanya hivyo siku kadhaa, akirudi kutoka hospitalini anakosafisha sakafu, mikono bado inanuka dawa. Alikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Bwana Tönjes, mwenye kiwanda cha kukausha samaki kwa moshi, alikuwa anatafuta mpiga picha wa kudumu: tanuri zake, samaki wake, watu wake, mwaka mzima. Ni mtu wa maneno machache. Alimwambia Swantje, "Nitumie tovuti yako nione." Swantje hakuwa nayo. Akajibu kwamba anayo, inarekebishwa kidogo tu.

Ikawa nzuri. Mandharinyuma nyeupe, maandishi membamba, picha ya mkunga ikijaza kioo kizima unapofungua, mpaka unadhani moshi utatoka jikoni kwangu. Ukurasa unaomweleza yeye haukuwa na uso wake, ulikuwa na mkono ulioshika kamera. Nikamtania kwamba wateja watadhani ana ndui. Hakucheka. Akafunga kompyuta, akasema, "Imebaki ile ya chini."

Ile ya chini ni ukurasa ambao kwetu Ujerumani kila mwenye tovuti ya biashara lazima auweke: jina lako kamili la kweli na nyumba unakofikika. Sanduku la posta halikubaliki. Usipouweka, mpiga picha mwenzako mwenye wivu anamtuma wakili akudai fedha, na wewe umekwisha kabla hujaanza. Watu huuandika bila kufikiri, kama wanavyofuta miguu mlangoni. Swantje alikuwa amefanya kila kitu isipokuwa huo.

"Ni mistari mitatu," nikasema.

"Kuna mtu anaisubiri mistari hiyo mitatu."

Ndipo aliponiambia habari za Volkert, mume wake wa zamani. Hakuniambia nyingi. Alitoka na mfuko mmoja wakati mwanamume yuko kazini, akavuka nusu ya nchi, na ofisi ya kuandikisha wakazi ikakubali kuficha anwani yake, asiambiwe mtu yeyote anayeuliza. "Volkert ana subira," akasema. "Sina shaka analiandika jina langu kwenye kompyuta kila wiki, kama wengine wanavyoangalia mvua. Mpaka leo halimpi kitu."

"Basi acha. Tönjes mwambie hali yako."

"Nimwambie nini? Nipe kazi, lakini usiseme ninapokaa? Nimechoka kusafisha, mzee. Nimechoka kuwa mtu asiyekuwepo."

Nilikunywa chai yangu mpaka kipande cha sukari ya mawe kikagonga kikombe kitupu. Kisha nikamwambia aandike nyumba yangu. Swantje Lorenzen, kwa Hinrich Brodersen, mtaa wangu na namba yangu.

"Atakuja kwako."

"Aje. Nina miaka mingi kuliko meno. Atanifanya nini?"

Akaivuta kompyuta, akaandika. Akaniomba jambo moja, nisimwambie mtu sababu. "Wakishajua, wananiangalia vile," akasema, na sikuhitaji kuuliza vile ni vipi.

Kwetu jengo lina namba, lakini milango ya wapangaji haina, ina majina kwenye kengele. Jina lisipokuwepo, mtu wa posta anarudi na barua yako. Kwa hiyo nikabandika la Swantje chini ya langu, kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Kabla gundi haijakauka, Bi Gesine wa mlango wa pili alikuwa ameshatoka na ufagio. Huyu ndiye anayejua zamu ya nani kufagia ngazi, na pipa gani linatolewa siku gani.

"Umeoa, Hinrich?"

"Aliyekubali hajazaliwa."

"Lorenzen. Si yule binti mwembamba wa kamera, wa juu ya duka la mikate?"

"Barua zake zinafikia kwangu. Basi."

"Mtu anakaa kule, jina liko huku," akasema. "Si utaratibu huo." Na kwa Bi Gesine, neno hilo ni zito kuliko tusi.

Tovuti ikafunguliwa. Bwana Tönjes akaangalia, akajibu kwa neno moja, "Njoo." Swantje akaacha ufagio wa hospitali. Siku zile alikuwa akipanda ngazi zangu anaimba, ananuka moshi wa kuni badala ya dawa, analeta mikunga iliyofungwa kwenye karatasi. Watu wa miji mingine wakaanza kumwandikia. Mmoja alitaka picha za mbwa wake kwenye moshi, tukacheka mpaka tukaumwa mbavu.

Kisha nikaenda kwa daktari wa meno, na niliporudi Bi Gesine alikuwa ananisubiri ngazini, amejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Nimempokelea mkeo kifurushi."

Hili nalo ni desturi. Mtu hayupo, jirani anapokea, kesho wewe unampokelea yeye. Hakuna anayekataa. Nikauliza nani kaleta, maana gari la posta lilikuwa limeshapita asubuhi.

"Bwana mmoja, kaleta mwenyewe. Mtu wa heshima, kafuta viatu. Aliniuliza kama kweli kitamfikia, alikuwa na wasiwasi. Nikamwambia asihofu, yule hakai hapa, jina tu ndilo liko hapa, anakaa juu ya duka la mikate la mtaa wa nyuma, namwona kila asubuhi." Akanitazama. "Mbona umekuwa mweupe? Wamekung'oa mangapi?"

Nilimpigia Swantje simu. Alikuwa kazini, nikamwambia asipite kwake, aje moja kwa moja kwangu. Akaja. Kifurushi kilikuwa mezani, hakina jina la aliyetuma. Ndani mlikuwa na kamera yake ya zamani, ile aliyoiacha siku alipoondoka, imesafishwa, lenzi imepanguswa. Hakuna hata neno lililoandikwa. Swantje aliigeuza akaangalia ndani, akasema, "Ameweka filamu mpya." Akaenda kukaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu.

Tuliwapigia polisi simu. Yule wa simu alikuwa mpole. Akauliza kama bwana huyo ametishia. Hapana. Ameingia kwa nguvu? Hapana. Kurudisha kamera ya mtu si kosa, akasema, lakini akitokea tena mpige simu mara moja. Ataliandika kwenye daftari lao.

Bi Gesine aligonga, amesikia sauti. Nikamweleza, sasa hakukuwa na siri ya kutunza. Alisimama mlangoni na ufunguo wake mkononi, nikadhani atalia. Hakulia.

"Mngeniambia," akasema. "Ningemwambia yule bwana simjui, ningemfungia mlango, ningemwagia maji. Mmenifanya mjinga, Hinrich. Mimi najibu ninaloulizwa. Miaka yote najibu ninaloulizwa."

"Mimi ndiye nilikataza," Swantje akasema kutoka sakafuni.

"Basi ulikosea, mwanangu."

"Ndiyo."

Bi Gesine akaingia, akaketi, akawa anakunja na kukunjua kitambaa changu cha meza.

Swantje akafungua kompyuta. Nilisimama nyuma yake. Kuna kitufe cha kufuta kila kitu, alikuwa amenionyesha zamani kwa mzaha, na kidole chake kilikuwa hapo. Hakukibonyeza bado; akafungua kurasa za ndani za tovuti, safu za maneno, na picha ya mkunga ikatoka machoni. Nikasema, polepole, kwamba kuna watu ninaowajua mji wa Rostock, kwamba chumba kinaweza kupatikana, kwamba jina linaweza kulala tena mwaka mmoja, miwili.

"Halafu?" akauliza.

Nikaenda kubandika maji ya chai.

"Kila mji nitakaoenda, nikitaka kazi lazima niandike mistari mitatu," akasema. "Rostock nako ni mistari mitatu." Akafungua ukurasa wa chini. Akafuta jina langu. Akafuta mtaa wangu. Akaandika duka la mikate, namba yake, ghorofa yake.

"Una wazimu," Bi Gesine akasema.

"Anajua tayari. Aliyekuwa hatakiwi kujua, anajua. Sasa ninamficha nani, mama? Tönjes?" Akabonyeza kuhifadhi.

Jioni hiyo tulimsindikiza, mimi na Bi Gesine na ufagio wake, ambao alikataa kuuacha. Hatukumkuta mtu. Fundi akabadilisha kitasa, mwoka mikate akaambiwa, na wauza duka wake wakaambiwa, na kweli wakaanza kumwangalia vile. Volkert hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Hajaja mpaka ninapoandika haya. Nikimwambia Swantje labda ameridhika, ananijibu kwamba mtu wa subira haridhiki, anasubiri.

Anaendelea na kazi kwa Tönjes. Nilikwenda kumwona juzi. Zamani alikuwa anaingia katikati ya watu, anapiga magoti sakafuni kwenye magamba, kamera karibu na visu mpaka wafanyakazi wanamfukuza. Sasa anasimama kwenye pembe ya ukumbi, mgongo umegusa ukuta wa matofali, na kila picha anayopiga inachukua ukumbi wote na mlango.

Zile mpya ameshaziweka kwenye tovuti, mbele kabisa. Bwana Tönjes amezisifu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Anasema kazi yake imekomaa, kwamba sasa mtu anaona kiwanda kizima. Alimuuliza amejifunzia wapi kupiga hivyo.

"Nyumbani," Swantje akamjibu, akabadilisha lenzi, macho yake yako mlangoni.