Tumbo la Kinyozi

Tangu aisikie sentensi ile nyuma ya mlango wa jikoni, Mzee Sekunde hakuwa na imani hata na mto wake wa kulalia.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Mkwewe alikuwa anamenya viazi, mwanawe kaegemea jokofu, na mkwe akasema, "Tusubiri majibu ya tumbo. Yakitoka ndipo tuamue kuhusu mzee na chumba chake." Mwanawe akaguna. Mzee aliujua mguno ule. Ndio aliouguna alipokuwa mdogo akiulizwa kama ni yeye aliyefungua saa ya ukutani, na jibu siku zote lilikuwa ndiyo.

Mzee alikuwa amekuja kuchukua maji ya moto. Akarudi chumbani na birika tupu.

Walimwita Sekunde kwa sababu alikuwa fundi saa, na alistaafu kila kitu isipokuwa jicho. Miaka yote ya kutazama mashine kwa kioo cha jicho moja ilimwachia tabia ya kumfinyia jicho kila aliyesimama mbele yake, kana kwamba ndani ya mtu huyo kuna gurudumu lililolegea. Na tangu mkewe afariki, naye akahamia chumba cha nyuma kwa mwanawe, magurudumu yaliyolegea aliyaona kila upande. Kwanza, chakula cha mkwe kilimvimbisha tumbo. Akila maharage tu, tumbo linanguruma kama pikipiki iliyokataa kuwaka, na choo kiko ng'ambo ya ua. Pili, alimkuta mkwe huyo huyo chumbani kwake na futi ya kamba, anapima ukuta. "Nafagia tu, Baba," alisema. Tangu lini watu wanafagia kwa futi? Na sasa, sentensi.

Fundi saa akivipanga vipande mezani, saa hujitokeza yenyewe. Mzee alivipanga, na kilichojitokeza kilikuwa nyumba ya kulelea wazee, ile yenye geti la kijani, ambako rafiki yake kinyozi huenda kuwanyoa wazee bila malipo. "Pazuri sana," kinyozi alimwambia mara moja. "Kimya, safi, maua mlangoni. Usiende."

Basi akajilinda. Akaacha chakula cha mezani, akawa anakula mkate mweupe na chai, chumbani, mlango kwa komeo, kikombe chake mwenyewe anakiosha mwenyewe. Tumbo likinguruma, alimeza kidonge cha rangi mbili kutoka duka la dawa, kile cha kuua vijidudu, bila daktari wala nani. Likinyamaza, alijipongeza. Likianza tena, alimlaumu mkwe.

Hayo majibu ya tumbo nayo yalikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni mjukuu, binti wa nyumba hiyo hiyo, aliyepanga chumba karibu na maabara ya chuo anakofanya kazi na kurudi nyumbani mwishoni mwa wiki kula vya mama yake. Siku moja kabla ya ile sentensi alikuwa amemwekea babu yake kikopo mezani. Kina mfuniko mwekundu, na ndani ya mfuniko kijiko kidogo.

"Babu, nataka choo chako."

"Kipo nje, mkono wa kulia. Taa imeungua."

"Babu! Kinyesi. Kidogo tu, kama punje ya harage."

Mzee akamfinyia jicho. "Mchumba wangu, watu wakipendana huombana picha."

Mjukuu akacheka, kisha akaeleza. Tumboni mwa kila mtu kuna vijidudu wasiohesabika, wengi wao wema, wanaosaga kile ambacho tumbo peke yake haliwezi. Mtu akizeeka, kundi hilo hubadilika. Meno yakipungua na mtu akichagua vilaini, dawa zikizidi, akianza kula peke yake, aina nyingine huondoka na wakorofi hujitanua. Ila kuna wazee ambao kundi lao hubaki limechangamka kama la vijana, na chuo kinataka kujua kwa nini. Amekwisha kupita mtaa mzima kukusanya makopo. Hata mke wa kinyozi kampa lake.

"Na ukishajua?"

"Nitakwambia tumbo lako limezeeka kiasi gani."

Hapo hapo mzee alicheka. Baada ya ile sentensi ya jikoni hakucheka tena. Kumbe kikopo ndicho hakimu! Tumbo likionekana limechakaa, basi na mwenye tumbo amechakaa, na geti la kijani linafunguliwa.

Asubuhi ya kukikabidhi, akakitia mfukoni na kwenda kwa kinyozi.

Kinyozi ni rika lake, lakini huwezi kudhani. Anakula kila kitu kilichokaa kimya. Mboga za majani, maharage, maganda ya matunda, mabaki ya jana, vyote vinaingia na hakuna kinacholalamika. Makopo ya chuo alikuwa ameyakataa, eti mambo yake ya ndani ni ya ndani. Mzee alimkuta dukani peke yake, anapangusa viti.

"Nikuombe kitu, lakini usicheke."

"Umeshanichekesha."

Alipokwisha kueleza, kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja akashika mbavu. "Umri wote huu watu wananiomba mkopo. Leo nimeombwa mavi!"

"Punguza sauti!"

"Na nikikunyima?"

"Utaninyolea kule kwenye geti la kijani, kila mwezi, mpaka nife."

Kinyozi akaacha kucheka. Akakiangalia kikopo, akamwangalia rafiki yake, shingo ilivyokonda hata kola ya shati inazunguka yenyewe. "Wewe unaumwa, Sekunde," alisema. "Ungewapa chako."

"Kitanisaliti."

Kinyozi akakichukua kikopo akapotea nyuma ya pazia. Mzee akabaki na kioo kikubwa cha ukutani, akijitazama kwa mashaka.

Wiki zikapita. Mzee aliendelea na mkate wake na komeo lake, na kila gari lililopunguza mwendo nje lilimsimamisha masikio. Hata hivyo alikuwa na kiburi kidogo cha siri. Tumbo aliloliwasilisha lilikuwa tumbo la maana.

Alasiri moja mjukuu akaja siku isiyo yake. Hakupitia jikoni. Akaingia moja kwa moja chumbani kwa babu yake, akafunga mlango kwa nyuma, akamfinyia jicho. Mzee akashtuka. Jicho lile lilikuwa lake, limehamia usoni kwa mtu mwingine.

"Babu. Unakula wapi?"

"Hapa hapa. Kwa nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nauliza tena. Unakula wapi, na unakula na nani?"

"Tumbo langu limesemaje?"

"Tumbo lako ni la ajabu. Limechangamka kuliko langu mimi." Mzee akavimba kichwa, lakini mjukuu hakuwa amemaliza. "Watu wanaoishi nyumba moja huambukizana vijidudu vya tumboni. Meza moja, vikombe vimoja, mikono hiyo hiyo. Mimi nililinganisha chako na cha mama na cha baba. Havifanani hata kidogo. Ni kama hujawahi kupita humu ndani."

"Basi?"

"Kinafanana na kimoja tu mtaani kote. Makopo yana namba, hakuna mwingine anayejua ni ya nani, lakini namba nilizibandika mimi." Akashusha sauti. "Babu, una nini na mke wa kinyozi?"

Mzee akainuka kutoka kitandani.

"Kufanana kule ni kwa watu waliokaa pamoja miaka mingi," mjukuu alisema. "Miaka, Babu! Bibi alikuwa hai!"

"Mimi na shemeji? Yule anayekoroma hadi huku tunasikia?"

"Wewe umejuaje anakoroma?"

Sasa mlango ukasukumwa. Mkwe alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na nyuma yake mwanawe, bado na viatu vya kazini. Kwamba walikuwa wakisikiliza wala hawakuficha.

"Kwa hiyo tumbo ni zima," mwanawe alisema polepole. Hilo ndilo alilolishika. La mke wa kinyozi lilimpita juu kama ndege.

"Zima kabisa," mjukuu alijibu.

Mwanawe akakaa kitandani, akajifuta uso. "Mzee, sikia. Tulikuwa tunaomba iwe tumbo. Ingekuwa tumbo, tungejenga choo humu ndani, mama watoto alishapima mpaka ukuta. Lakini umekonda, unajifungia, unakula mkate kama panya, na tumbo kumbe halina neno. Basi tatizo liko huku." Akagusa kichwa chake mwenyewe. "Na huku sisi hatuwezi kukuangalia, wote tunashinda kazini. Kule kuna wauguzi. Nimeongea nao, chumba kipo."

Mzee Sekunde alikuwa na njia mbili tu. Akishikilia kwamba tumbo ni lake, basi ni mwendawazimu, tena mzinzi, na anakwenda; akikana, ubovu wa lake unajulikana. Kwa dakika nzima aliupima uzinzi kwa makini. Mzinzi walau hapelekwi kwa wauguzi. Lakini kinyozi ana nyembe.

"Tumbo si langu," alisema.

"Baba?"

"Ni la kinyozi! Nilimwomba akanipa. Mnataka nini zaidi? Mimi langu bovu! Linanguruma, linavimba, linanikimbiza uani hata kwenye mvua. Nilijua mkiliona mtanitupa."

Mjukuu akaketi sakafuni. Mkwe ndiye aliyezungumza, na sauti yake haikuwa na utani.

"Na chakula changu, Baba? Wiki zote hizi nakirudisha jikoni kimepoa. Ulidhani nakuwekea nini?"

Mzee akatazama ukuta. "Nilidhani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekula pembeni yake."

Mjukuu alikuwa ameona kopo la vidonge juu ya dirisha. Akalitikisa, akasoma, akafumba macho. "Babu, hivi vidonge unameza kila lini?"

"Likinguruma."

"Hivi haviui wabaya peke yao. Vinafagia wote, wema kwa wabaya, halafu unawaletea mkate mweupe waliobaki. Usimeze tena hata kimoja, kesho twende kwa daktari. Maharage ya mama hayana kosa. Huna tena wa kuyasaga."

"Wanarudi?"

"Wengine wanarudi, taratibu. Anza kidogo kidogo. Kula vya aina aina, na kula na watu. Nitakupima mara kwa mara nione kama unaanza kufanana na sisi."

Jicho la mzee likafinyika. "Na huko kupima kunachukua muda gani?"

"Mpaka utafiti uishe. Miaka."

"Na mtu akihamishwa katikati, akaanza kula meza nyingine?"

Mjukuu akamwangalia babu yake, kisha baba yake, akajikaza asicheke. "Hapo data zangu zote zimeharibika."

"Umesikia?" mzee alimgeukia mwanawe. "Mimi sina neno, mimi nitaenda popote. Ila kuharibu kazi ya mtoto, hilo sitaki linitoke mikononi."

Mwanawe akaguna. Mguno ule ule wa saa ya ukutani.

Mkwe akaenda jikoni, akaweka sahani ya nne mezani, akapakua maharage, kijiko kimoja tu. Mzee alikuja, akakaa, akainusa sahani kushoto na kulia.

"Onja wewe kwanza," alisema.

Mkwe akachukua kijiko cha mzee, akachota sahanini mwa mzee, akatafuna huku anamtazama usoni, akameza. Kisha akamrudishia kijiko kile kile, hakukifuta.