Maswali ya Ijumaa

Madam Clare alipomwambia Triza Nangila asimame awaeleze wenzake yeye ni nani, Triza alisimama, akataja jina lake na kozi aliyokuwa akisomea, kisha akanyamaza. Darasa lilingoja. Madam Clare naye alingoja, mgongo ameuegemeza ubaoni. Mwishowe Triza akasema ni hayo tu, akaketi.

Ulikuwa mwaka wake wa mwisho katika chuo cha ufundi, akichukua diploma ya teknolojia ya chakula. Muhula huo chuo kilikuwa kimeanzisha somo la kuwafundisha wanafunzi kutafuta kazi. Walifundishwa kuandika CV, kuandika barua ya maombi isiyofanana na ya kila mtu, kupiga simu kiwandani kuulizia nafasi, na kuketi mbele ya mtu usiyemjua ukamweleza habari zako bila kuomba radhi. Munene, kijana wa Majengo aliyekuwa na maneno kama mnadi wa soko la Gikomba, alilipenda somo hilo kuliko yote. Triza alilichukia. Katika maabara hakuna aliyemshinda, lakini alipoulizwa habari zake ulimi ulikuwa mzito.

Jioni hiyo Madam Clare alimwita ofisini. Hakumgombeza. Alimwuliza kama hajui kujieleza au hataki.

Triza alifikiri kidogo. "Sijazoea kuulizwa, Madam."

Mwalimu alimtazama, kisha akampa karatasi ya maswali ambayo waajiri huuliza mara kwa mara. Akamwambia atafute mtu nyumbani, amwulize maswali hayo kila wiki, na asikubali jibu la juujuu.

Nyumbani kwao kulikuwa Shauri Moyo, katika chumba kimoja cha nyumba za zamani za kaunti alichokaa na mama yake mdogo, Millicent. Millicent aliuza mapazia ya mitumba Gikomba, na jioni alirudi sauti imemkauka kwa kuita wateja. Triza alipomwomba amwulize maswali, aliuliza la kwanza, akalijibu mwenyewe, akasinzia kitini. Kwa hivyo alibaki mtu mmoja tu.

Mama yake, Selpher, alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani Triza akiwa kidato cha tatu. Alisema ni miaka miwili. Ilipokwisha akaongeza mingine, kisha mingine, na karo ya Triza ikalipwa, na nyumba ya nyanya yake kule Kimilili ikaezekwa upya. Hakuna aliyeweza kusema mambo yameenda vibaya. Ila Triza alikuwa ameanza kusahau. Alikumbuka uso wa mama kwa sababu ya picha, na sauti kwa sababu ya simu, lakini mwendo wake ulikuwa umempotea. Wakati mwingine, akitembea nyuma ya mwanamke wa umri huo pale Jogoo Road, alijiuliza kama mama alikuwa akitembea hivyo, akikanyaga kwa nguvu namna ile, au alikuwa na haraka zaidi. Hakutaka kumwuliza Millicent. Aliona haya kuuliza mama yake anatembeaje.

Selpher alipiga simu kila Ijumaa alasiri, waajiri wake wakiwa wameenda kutembelea jamaa zao. Mazungumzo yao yalifanana wiki hadi wiki. Umekula? Nimekula. Millicent hajambo? Hajambo. Shule? Iko sawa. Na wewe, mama? Niko sawa. Kisha kimya kifupi, ambacho kila mmoja alikisikiliza, na kuagana.

Ijumaa iliyofuata Triza alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo, karatasi mapajani.

"Mama, nisaidie kitu cha shule. Jifanye meneja, mimi nimekuja kutafuta kazi."

Selpher alicheka na kusema yeye hajawahi kuwa meneja hata wa kuku. Triza akamsomea maswali, akasikia kalamu ya mama ikikwaruza upande wa pili. Kisha sauti ya mama yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye ofisi.

"Karibu, dada. Keti. Nieleze kukuhusu."

Triza alijikuta amenyoosha mgongo. "Naitwa Triza Nangila. Nasomea teknolojia ya chakula. Masomo yako sawa, na mimi niko sawa..."

"Hapana," Selpher akamkatiza. "Hayo ndiyo unaniambia mimi kila Ijumaa. Huwezi kuajiriwa kwa hayo. Kwa nini chakula? Ungesomea kitu chochote."

Lilikuwa swali ambalo mama hakuwahi kumwuliza. Pesa za karo zilipotumwa, kozi ilikuwa imeshachaguliwa. Triza aliangalia nguo zilizoanikwa. Kisha akasema kwamba mwaka ule mama alipoondoka, yeye Triza alikunywa sharubati ya barabarani akashikwa na taifodi, akalazwa. Pale kitandani hakuwa na la kufanya ila kufikiri ni kitu gani kidogo hivyo kilichoingia kwenye kikombe kikamwangusha. Alimwuliza nesi, nesi akamweleza, na alipotoka hospitali alikuwa ameshajua anataka kusoma nini.

Kalamu iliacha kukwaruza upande wa pili.

"Ulilazwa?" Selpher aliuliza. Sauti ya ofisi ilikuwa imekwisha.

"Siku chache tu. Tulikubaliana na mama mdogo tusikwambie. Ungefanya nini, mama? Ungelia tu huko."

"Ningelia, ndiyo," Selpher akasema. "Lakini ningekuwa nimejua."

Kisha akakohoa, akamwambia waendelee na swali la pili.

Tangu siku hiyo Ijumaa zikawa za mahojiano. Selpher aliuliza kwa ukali kuliko meneja yeyote, kwa sababu kila jibu lilikuwa habari ya mtoto wake aliyokuwa ameikosa. Tueleze wakati ulipopata shida ukaitatua. Triza akamweleza jinsi alivyoanza kutengeneza maziwa mala, yale ya kugandisha, chumbani na kuwauzia kina mama wa Gikomba, na jinsi sufuria nzima ilivyoharibika kwa sababu alikosa subira, akatia chachu maziwa yakiwa bado moto. Ulifanya kazi na nani? Na Ndindi, rafiki yake wa darasani, aliyegombana naye wiki nzima juu ya chupa chafu, halafu wakapatana. Selpher alicheka, akauliza Ndindi ni nani, ana tabia gani, anatoka wapi. Simu zilirefuka. Mara nyingine walisahau maswali kabisa.

Darasani, Madam Clare alipomwita tena, Triza alisimama akasimulia habari ya ile sufuria. Wenzake walisikiliza hadi mwisho. Munene akamwambia walipokuwa wakitoka, "Triza, kumbe una story hivi na umekuwa ukituficha?" Madam Clare alikaa naye wakaipitia CV yake, wakafuta mahali alipoandika kwamba ni mchapa kazi na mwaminifu, wakaandika alichotengeneza, alivyokipima, na kosa lililomfundisha. Triza akaanza kutuma maombi ya atachimenti, yale mafunzo ya kazi kiwandani. Viwanda vingi havikujibu. Alijifunza kupiga simu baada ya wiki moja, kuuliza jina la anayehusika, kushukuru na kupiga tena.

Kisha Ijumaa moja Selpher akasema leo zamu igeuke, yeye ndiye aulizwe. Triza akafurahi. Akamwomba amweleze kuhusu kazi yake. Selpher alizungumza kama mtu aliyengoja sana. Alisema yeye ndiye anayeongoza jikoni sasa, anapikia familia kubwa na wageni wao, anajua vyakula vya huko ambavyo alipofika hakujua hata majina yake. Kisha akamtaja Nura, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, aliyezaliwa Selpher akiwa palepale. Alisema mtoto huyo halali usingizi mpaka Selpher amshike mkono. Akiumwa hamtaki mtu mwingine.

Alipokuwa akisema hivyo, mlango ulifunguliwa huko aliko, na sauti ya mtoto ikasikika wazi ikiita, "Mama! Mama!"

"Naam, mpenzi, naja," Selpher akaitikia, kwa sauti laini ambayo Triza aliikumbuka mara moja. Ndiyo aliyokuwa akiitiwa nayo yeye, walipoishi pamoja katika chumba hikihiki, kabla ya simu kuja kati yao.

Triza alisema ana kazi ya shule, akakata. Alibaki kwenye ngazi, simu mkononi. Alijua yule ni mtoto tu, hana kosa. Alijua pia kwamba mama analipwa kumpenda, na kwamba huenda anampenda hata pasipo malipo, na hilo la pili ndilo lililomwuma. Ijumaa iliyofuata simu iliita, akaitazama ikiita hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Akaigeuza uso chini akaenda kwa Ndindi.

Jumatatu yake alipigiwa simu na kiwanda kimoja cha maziwa cha Industrial Area. Aje Jumatano kwa mahojiano.

Alienda kwa miguu, akavuka Jogoo Road, akashika Lusaka Road pamoja na vibarua wanaoelekea viwandani, viatu vizuri akavivalia langoni. Ndani alikuta watu wawili: Bwana Dedan, msimamizi wa uzalishaji, na mwanamke mtulivu aliyeitwa Mirriam, mkuu wa maabara. Triza alijibu maswali yao moja baada ya jingine. Alieleza habari ya taifodi, na ya maziwa mala. Kisha Mirriam akamwuliza, ukikosana na mtu mnayefanya kazi pamoja, huwa unafanya nini?

Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi, lile la Ndindi na chupa. Halikutoka.

"Huwa nanyamaza," akasema. "Najua si vizuri. Nimenyamazia mtu sasa hivi, na nikitoka hapa nitampigia."

Bwana Dedan alimtazama Mirriam. Mirriam aliandika kitu, akasema hajawahi kupewa jibu kama hilo.

Nje ya lango Triza alipiga. Haikuwa Ijumaa, na simu ya Selpher mchana ilikuwa imezimwa. Alipiga kesho yake pia, hasa baada ya kuambiwa kwamba amepata nafasi, na kwamba mwanafunzi akifanya vizuri huenda akaajiriwa pale akihitimu. Alimwambia Millicent, aliyepiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Alimwambia Ndindi, na Madam Clare, aliyemshika mabega yote mawili. Lakini furaha yenyewe aliiona kama bado haijafika, maana aliyekuwa akimngoja aisikie hakuwa ameisikia.

Ijumaa Selpher alipiga. Triza hakungoja salamu. Alimwambia amepata, akamwambia yote, na kabla ya mama kumaliza kumshukuru Mungu akasema jambo alilolibeba miaka yote bila kulisema.

"Mama, rudi sasa. Nisamehe kwa wiki ile. Nitaajiriwa, tutaishi. Rudi tu."

Selpher alifunga mlango huko aliko.

"Wiki ile nilikuwa nakupigia nikuulize," akasema polepole. "Mkataba ulikuwa umekwisha. Walitaka jibu kabla ya Jumamosi, nikae au niende. Nilitaka kusikia wewe unasemaje. Hukushika simu, nikadhani sasa umekuwa mtu mzima, una mambo yako, hunihitaji sana. Nikatia sahihi. Miaka miwili."

Triza aliweka mkono mdomoni. Hakutaka mama asikie kwamba analia. Lakini Selpher alisikia, na akaanza kulia pia, na kwa muda walikuwa wanawake wawili wanaolia katika nchi mbili, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze.

"Si kosa lako," Selpher akasema. "Mimi nami ningeweza kukataa bila kukuuliza. Niliogopa. Nikirudi hapo nitakuwa nani? Mama anayetuma kitu, kila mtu anamjua. Anayerudi mikono mitupu simjui."

"Mimi ninamjua," Triza akasema.

Atachimenti ilianza mwezi uliofuata. Triza alivaa koti jeupe na kofia ya nywele, akajifunza kupima asidi ya maziwa yakishuka kutoka kwenye malori, na Mirriam akampenda kwa jinsi alivyorudia kipimo akiona shaka. Alasiri ya Ijumaa ilikuwa zamu yake, kwa hivyo simu ikahamia Jumapili asubuhi, kabla Nura hajaamka. Alimwuliza mama habari za Nura, mwanzoni kwa shida, baadaye bila shida sana.

Jumapili moja Triza alikaa kitandani na kompyuta ya kuazima kutoka kwa Ndindi. Alisema wameshaijua kazi hii ya kuomba kazi, sasa waifanye kwa ajili ya mama. Mahoteli ya mjini yalitafuta wapishi wanaojua vyakula vya Waarabu. Miaka miwili ikiisha asikutwe tena hajajiandaa.

"CV? Mimi?" Selpher akauliza. "Niandike nini? Kwamba nimeosha vyombo?"

"Umepikia watu wangapi jana?"

Selpher akahesabu. Walikuwa zaidi ya ishirini, sikukuu ya jamaa.

"Uliwapikia nini? Taratibu, mama. Naandika."

Selpher alianza kutaja, kwanza kwa haya, kisha kwa sauti iliyopata nguvu, wali wa nyama ya mbuzi, sambusa, mikate ya tanuri, mchuzi wa bamia aliouboresha mwenyewe hadi mwenye nyumba akawa anawaita wageni kwa ajili ya mchuzi huo. Triza aliandika. Millicent, aliyekuwa akikunja mapazia pembeni, aliacha kukunja akasikiliza. Walipofika kwenye mchuzi wa bamia, upande wa pili mtoto aliamka akaanza kuita, na Selpher akasema lazima aende.

"Nenda, mama," Triza akasema. "Tutaendelea Jumapili ijayo."