Matundu Yasiyopitisha Hewa

Kaltumu alikuwa akitengeneza vipindi vya redio mjini Koboko, na laptopu yake aliichagua kwa macho. Ilikuwa na vitundu vidogo vilivyopangwa kwa mistari ubavuni, kushoto na kulia, mithili ya mashavu ya samaki. Joto la Koboko alikuwa analijua. Alipoiona dukani kwa Afedra, kule Arua, alijisemea kwamba mashine inayopumua namna hii itadumu.

Akaitunza. Kila alipokaa kufanya kazi aliitandikia kitenge kilichokunjwa ili isichubuke chini. Kwa hiyo ilipoanza kupata moto na kujizima katikati ya kazi, hakuelewa kosa liko wapi. Siku ilipokataa kabisa kuwaka alikuwa anasikiliza sauti aliyoirekodi ya Mama Margarita wa Midia, mjane wa askari, akisimulia alivyovuka mpaka na watoto wakati wa vita, na alivyorudi bila mmoja wao. Mama huyo alikuwa amekataa kusema kwa muda mrefu. Alipokubali alitoa sharti: "Mimi nasema mara moja tu. Usirudi kuniuliza."

Kaltumu alibonyeza na kubonyeza. Kioo kikabaki cheusi, na sauti ile hakuwa na nakala yake popote. Asubuhi yake akapanda gari la Arua, mashine ameikumbatia.

Afedra aliifungua kwa bisibisi. Ndani, feni ilikuwa imejaa nyuzi za kitenge, zimegandamana kama pamba.

"Hewa iko naingia kwa chini," alisema. "Wewe nafunga mdomo yake na nguo."

"Na hii matundu ya pembeni?"

Afedra alichukua sindano akaichomeka katika kitundu kimoja. Ikagota hapo hapo. Kisha akamgeuzia ganda upande wa ndani: plastiki tupu, laini, haina hata alama.

"Hiyo ni urembo. Wanaweka ili mashine ionekane iko na nguvu."

"Basi walinidanganya."

"Urembo si uongo, dada. Hata nguo yako hii, gomesi, iko na maua. Nani analia kwamba hainukii?"

Kaltumu alifikiri kidogo. "Maua ya nguo haisemi ni maua ya kweli. Mtu akichora dirisha kwa ukuta, sawa, ni picha. Lakini akiweka bawaba na pazia, mimi nitalala hapo nangoja upepo."

Afedra alitabasamu bila kubisha. Akagusa mfuo mdogo uliochongwa mbele, chini ya kifuniko. "Na hii? Ulifikiri ni nini?"

"Urembo."

"Weka kidole."

Aliweka. Akasukuma kidogo tu, kifuniko kikainuka kwa wepesi. Miezi yote hiyo alikuwa akikibandua pembeni kwa kucha.

Feni mpya ilipofungwa, mashine iliamka. Kaltumu akatafuta faili, na sauti ya Mama Margarita ikajaa dukani, nzima, pamoja na kikohozi chake na kuku waliokuwa wakipita. Kaltumu akaketi kwenye benchi. Hakuwa amejua kwamba tangu Koboko alikuwa amebana pumzi.

Alikuwa bado ameketi pale alipoingia Fabiano, katekista wa Aroi, anatafuta laptopu ya parokia. Akazitazama za rafuni, akachukua moja, ndugu kabisa wa ile ya Kaltumu, akapitisha kidole gumba juu ya vile vitundu.

"Hii iko na hewa mingi," alisema. "Kwetu iko joto. Nitachukua hii."

Afedra alichukua kitambaa akaanza kuifuta vumbi. Kaltumu akamtazama. Akangoja. Afedra akaendelea kufuta, hata pale palipokuwa pasafi.

"Mzee," Kaltumu alisema mwishowe, "hiyo matundu haipiti. Inapumua kwa chini. Usiweke juu ya nguo wala kitanda. Yangu imekufa hivyo."

Fabiano aliigeuza, akaona matundu ya kweli, akacheka taratibu. "Kumbe pua iko kwa tumbo." Akaipima mikononi, akaigeuza tena. "Basi meza iko. Nachukua."

Alipoondoka nayo, Afedra alikunja kile kitambaa.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Yule ni mteja yangu."

"Nilikungoja," Kaltumu alijibu. "Nilikuona wewe nafuta tu."

Afedra akapanda juu ya stuli, akashusha laptopu zilizobaki, akazirudisha rafuni moja moja, safari hii zikiwa zimelala kifudifudi, matundu ya chini yanatazama juu.