Sare ya Watatu

Kumwambia mchezaji kwamba ana moyo ni sawa na kumwambia bibi harusi kwamba ana tabia nzuri: kila mtu anajua kilichoachwa kutajwa. Fundi bomba aliambiwa hivyo mbele ya wenzake, siku kocha wa klabu kubwa alipopita kutazama ligi ya besiboli ya wafanyakazi.

"Mkubwa ana moyo," kocha alisema. "Mdogo ana mkono."

Mkono wenyewe, fundi bomba ndiye aliyeufundisha kurusha, nyuma ya nyumba yao, tangu mdogo wake hajaota ndevu. Akacheka na wenzake. Lakini neno lile lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni.

Mdogo mtu alikuwa mchomeleaji katika karakana ya reli, akiirushia timu ya huko, na mkubwa aliirushia timu ya idara ya maji. Kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, nyumbani walimwita Kitinda, na hata uwanjani jina likamganda. Wawili hao walilala chumba kimoja kwa mama yao, kila mmoja na kitanda chake. Kocha aliahidi kurudi wakati wa mtoano ili achukue mrushaji mmoja, na katika mtoano ilibaki nafasi ya timu moja tu.

Jumapili asubuhi, mama akiwa anapiga pasi sebuleni, Kitinda alikuja kukaa kwenye kitanda cha kaka yake.

"Kaka, sisi tumemaliza mechi zetu. Tuko sare na Saruji, wale wa kiwandani."

"Na sare inavunjwaje?" fundi bomba akauliza, ingawa kanuni zilibandikwa ukutani kwao, idara ya maji, naye alikuwa amezisoma mpaka akazihifadhi.

"Timu zikiwa mbili, wanaangalia nani kamfunga mwenzake. Saruji tuliwafunga mara mbili, wao wakatufunga moja. Tunapita sisi."

"Hongereni basi."

"Tatizo ni nyinyi. Mkishinda leo, mnatufikia, sare inakuwa ya watatu. Hapo zinajumlishwa mechi zote tulizocheza sisi kwa sisi. Nyinyi mlitufunga mara zote tatu. Saruji nao wakawafunga nyinyi mara zote tatu. Ukijumlisha, Saruji wako juu, nyinyi katikati, sisi mkiani."

"Kwa hiyo sisi tukishinda hatupati kitu."

"Hampati hata chembe. Ila mnatuzika."

Fundi bomba alivaa soksi yake polepole, kisha ya pili.

"Sikuombi uuze mechi," Kitinda akasema. "Bega lako lenyewe bovu. Mwache yule dereva wenu arushe, wewe upumzike."

"Damu nzito kuliko maji, Kitinda. Hata haya ya idara yetu. Ondoa shaka."

Kitinda akaangua kicheko, akamkumbatia. "Wewe ndiye baba yangu, kaka." Mama alisikia kule sebuleni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Wapinzani wa siku hiyo walikuwa waoka mikate, vibonde wa ligi. Timu ya maji ilifika kivivu, wengine hawakutokea kabisa. Dereva alikwisha kuanza kunyoosha viungo fundi bomba alipomnyang'anya mpira.

"Leo narusha mimi."

"Kwa faida gani?" nahodha akashangaa. "Hii ni ya kukamilisha ratiba tu."

"Najisikia vizuri."

Na kweli alijisikia vizuri. Hajapata kurusha vile maishani mwake. Waoka mikate walipiga hewa, wakageuka kutazama mpira umepitia wapi. Kitinda na wenzake wa karakana walikuwa nyuma ya wavu, wamevaa jezi tayari kwa sherehe. Mwanzoni Kitinda aliwanong'oneza kwamba kaka anazuga, asije akashtukiwa. Timu ya maji ilipopata pointi yake moja, alisimama, akaushika wavu kwa mikono miwili.

"Kaka! Kaka, basi!"

Fundi bomba alimsikia vizuri sana. Akashusha mkono, akasubiri aitwe tena. Sauti ilipokuja, sasa imekatika kidogo, ndipo akarusha, na utamu ulioje!

Katika zamu ya mwisho bega lilialika kama kuni kavu. Nahodha akamkimbilia, fundi bomba akamfukuza. Akamalizia huku machozi yakimchuruzika, mpaka mpigaji wa mwisho alipochapa upepo. Watu wa Saruji, ambao hawakumjua hata kwa salamu, wakavamia uwanja, wakambeba juu juu, wakimvuta kwa mkono ule ule. Alipiga yowe, nao wakadhani anashangilia.

Aliporudi nyumbani, Kitinda alikwisha kuoga.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?" mama akauliza.

"Mpira tu, mama."

Mama hakuelewa mambo ya sare. Alichojua ni kwamba mdogo amekosa nafasi na mkubwa ameumia. Akachana shuka kuukuu, akampa Kitinda. "Mfunge mwenzako mkono, nikachemshe maji."

Kitinda alikunja kitambaa vizuri, akakipitisha shingoni kwa kaka yake, akamwekea goti mgongoni. Nyayo za mama zilipofika jikoni, akavuta.

Fundi bomba akaona giza.

"Ulinisikia nikikuita?"

"Kitinda... tafadhali."

"Nimekuuliza, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Kitinda akavuta tena, taratibu, kama mtu anayekaza nati. "Piga kelele basi. Mama aje, umweleze vizuri leo ulikuwa unafanya nini."

Fundi bomba akauma mto.

Mama aliingia na beseni la maji ya moto, akamkuta Kitinda anamalizia fundo, safi kabisa. Akasimama mlangoni, uso umemlainika.

"Mkubwa, unaona unavyotunzwa? Mshukuru mdogo wako."

"Asante, Kitinda," fundi bomba akasema.

"Usijali, kaka. Na kesho nitakufunga. Na kesho kutwa."