Tufaha, Meza, Senti

Tik, tik, tik. Gizani, mtu alikuwa anazungusha kitufe cha jiko la gesi na moto haushiki. Sauti ile ilimtoa Dreama Stiltner kitandani kabla hata hajajua kwamba ameamka. Alikimbia pekupeku hadi jikoni, akapapasa, akafunga gesi, akasukuma dirisha. Alikaa kwanza hadi harufu ikapungua, ndipo akawasha taa.

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya jiko na gauni lake la bluu la kanisani, mkoba begani. Nywele amezichana. Hata rangi ya mdomo ameipaka vizuri tu, gizani hivyo hivyo.

"Sasa unanizimia moto wa nini?" Verlie akauliza. "Nataka kahawa tuondoke. Leo si ndiyo siku ya beji?"

"Ni leo, Mama. Lakini ni jioni. Hata jogoo wa kina Ratliff hajawika."

"Jogoo wa kina Ratliff mvivu kama wenyewe."

Dreama akacheka. Asubuhi kama hizi, mama yake akiwa mzima hivi, ndizo zilizomuumiza kuliko zote. Zilimfanya atumaini.

Tangu wiki iliyopita alikuwa anaomba kitu kimoja tu. Hakuomba mama yake apone. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua hiyo haiombwi. Aliomba jioni ya leo, kwa dakika chache za jukwaani za kumvalisha beji ya uuguzi, mama yake amjue.

Maana bila Verlie kusingekuwa na beji yoyote. Kiwanda cha glavu kilipofungwa, na mume wa Dreama akapakia vyombo vyake kwenye pikapu akaenda zake Ohio, Verlie alimtia binti yake garini, akamvusha daraja, akamshusha mbele ya chuo cha kaunti. Kisha akakaa nje, injini inaunguruma. "Ukitoka humo hujajiandikisha," alimwambia kupitia dirishani, "utarudi kwa miguu."

Dreama alianza na cheti cha uuguzi msaidizi, kile cha kuogesha wazee na kutandika vitanda. Mchana akakifanyia kazi, jioni akasomea stashahada. Binti yake, Kinsey, wakati huo alikuwa bado wa kubebwa. Verlie ndiye aliyemlisha maharage na mkate wa mahindi, akamwogesha, akamlaza. Na Dreama aliporudi na vitabu vyake, Verlie akawa pia mgonjwa wa mazoezi.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkono kaunyoosha. Dreama akampima presha, akamsikiliza mapafu, akamaliza na maswali ya kumbukumbu.

"Nitakutajia maneno matatu, uyashike. Nitakuuliza tena baadaye. Tufaha, meza, senti."

"Tufaha, meza, senti. Na kahawa ya mgonjwa iko wapi, nesi? Hospitali gani hii?"

Yakawa maneno yale yale kila mara, kama yalivyoandikwa kitabuni. Mwalimu wao, Bi Pruitt, alikuwa amelionya darasa zima kwamba mgonjwa akishazoea maneno, kipimo hakipimi tena kitu. Dreama aliliandika hilo, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama zake. Lakini nyumbani hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na mama.

Kwa hiyo Verlie alipoanza kuweka maziwa kabatini na sabuni kwenye friji, na kumwita Kinsey kwa jina la dada yake yeye Verlie, aliyekufa zamani, Dreama alimkalisha akampima. Tufaha, meza, senti. Verlie hakusita hata kidogo. Dreama akaenda kulala kwa amani, na kwa muda mrefu akaendelea kulala kwa amani.

Mpaka jioni moja akasahau kitabu garini, na kwa uvivu wa kutoka kwenye baridi akabuni maneno yake: mto, kofia, ndimu. Wakanywa kahawa. Akamuuliza. Verlie alimtazama kwa aibu, kama mtoto aliyejikojolea mbele za watu.

"Tufaha," akasema polepole. "Meza. Senti."

Daktari alisema kama wangeuwahi ugonjwa huo wa kusahau, wangeongeza muda kidogo. Hakumlaumu mtu. Dreama hakuhitaji msaada wa kujilaumu.

Jioni ilipofika, wahitimu walijipanga kwenye korido na sare zao nyeupe mpya. Kila mmoja alikuwa ameshachagua mtu wake, yule atakayepanda jukwaani kumvalisha beji ya uuguzi kifuani. Wengine waume, wengine watoto. Dreama alitoa jina la mama yake mwanzoni mwa muhula, na hakulibadilisha.

"Shoga, bado hujachelewa," LaDonna akamnong'oneza. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu siku ya kwanza. "Mwambie Bi Pruitt, Kinsey akuvalishe. Watu watakuelewa."

"Sitaki kueleweka. Namtaka mama yangu."

"Una kichwa kigumu kama nyumbu."

"Nimerithi." Dreama akachungulia ukumbini. Verlie alikuwa safu ya mbele na Kinsey, anapiga makofi na bado hakuna aliyetajwa. "Muone."

"Basi usilie. Ukilia nitalia, na kope hizi ni za gundi."

Majina yakasomwa. "Dreama Stiltner. Atavalishwa na mama yake, Verlie Stiltner."

Kinsey alimshika bibi yake mkono, wakapanda ngazi pamoja. Bi Pruitt akampa Verlie beji. Vidole vile vilivyoshona glavu umri mzima viliigeuza mara moja, vikafungua kipini bila kubabaika, na moyo wa Dreama ukaruka. Akasogea. Akainama kidogo ili mama yake amfikie.

Verlie akainua macho. Akaiona sare nyeupe. Uso wake ukabadilika, ukawa wa adabu, uso wa kwenye chumba cha daktari.

"Tufaha, meza, senti," akasema haraka haraka, hata hajaulizwa. "Nimejibu vizuri, nesi?"

Dreama akaitikia kwa kichwa. "Vizuri sana," akasema.

"Basi nisaidie. Hujamwona binti yangu? Anavalishwa beji leo. Amesoma jioni miaka yote hii, na mtoto mdogo, na mume kamkimbia. Mimi ndiye niliyembana mpaka akaja."

*Mama, ni mimi.* Yalikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini darasani walikuwa wamefundishwa: usibishane naye, usimsahihishe, mfuate pale alipo. Swali hilo nalo Dreama alilipata lote.

"Nimemwona," akasema. "Yuko njiani, anakuja."

"Hajambo?"

"Hajambo. Kaniambia nikwambie anakushukuru."

"Aje aniambie mwenyewe," Verlie akasema. "Ana mdomo."

Bi Pruitt, ambaye alikuwa ameelewa, akanyoosha mkono taratibu ili aichukue beji amvalishe Dreama yeye mwenyewe. Verlie akakunja ngumi, akairudisha kifuani.

"Hapana, mama. Hii ni ya binti yangu."

Dreama akauchukua ule mkono, akaukunjua kwa upole, akakifunga kipini. "Kisije kikakuchoma," akamwambia. Kisha akaukunja tena, beji ikiwa ndani.

"Wewe unaijua kazi yako," Verlie akamwambia. "Mama yako ana bahati."

Nyuma, LaDonna alianza kupiga makofi, kope zimeshabanduka, na ukumbi wote ukamfuata. Dreama akashuka jukwaani na mama yake mkono mmoja na mwanawe mkono wa pili, kifua cha sare kitupu. Aliwatazama watu, akatabasamu, na hakuna alichokiona.

Jua lilikuwa bado linaning'inia juu ya paa la kile kiwanda walipovuka daraja kurudi nyumbani. Verlie alishalala kiti cha mbele, kichwa kwenye kioo, ngumi mapajani. Dreama aliendesha polepole. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa barabara aliijua kwa moyo, jioni zote zile akienda na kurudi.

Kutoka nyuma, Kinsey akainama katikati ya viti. Akaitazama ile ngumi ya bibi yake kwa muda, akaigusa kwa kidole kimoja. Ilikuwa imekaza, hata usingizini.

"Mama," akasema kwa sauti, "Bibi bado anakutunzia beji yako."