Dawati la Watu Watatu

Mama Cheche alipiga tupa kona ya mwisho ya fremu ya dawati, kisha akapitisha kiganja chini ya bomba kuhakikisha hakuna chuma kitakachomchana mtoto paja. Shemeji yake, seremala, alikuwa anakaza nati za kiti. Fremu ya Mama Cheche, mbao za shemeji: dawati moja la watoto watatu, sampuli ya zabuni ya serikali. Tangazo lilisema wazi mafundi wadogo waungane, waombe kwa ubia. Wakaungana.

"Tukipata hii, kaka anarudi," shemeji alisema.

"Usinitie wazimu asubuhi yote hii."

Wazimu alikuwa nao tayari. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuchomelea. Kazi zilipokauka akaenda migodini, na tangu hapo ndoa yao ni ya kwenye simu. Kila alipokata bomba refu alimtamani mpaka akaona haya, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na wa kushika. Jana mumewe aliuliza, "Nianze kufunga mizigo?" Akamjibu asubiri kesho.

Walilisukuma dawati kwa mkokoteni hadi ofisi ya zabuni. Sampuli ya kampuni moja kubwa ilikuwa imeshafika, bado imevaa nailoni. Afisa, kijana mpole, alilizunguka dawati lao, akalitikisa, akalikalia. Halikulia.

"Kazi safi. Ya nani?"

"Yetu wote. Ni ubia."

"Sawa, ila kwenye ubia kila mmoja anapimwa peke yake. Mama, dawati lako wewe liko wapi? Na la fundi?"

"Mimi nachomelea, yeye anaranda. Ndiyo maana tukaungana."

"Nawaelewa, mama yangu, lakini kanuni inataka kila mmoja aonyeshe anaweza dawati zima."

"Ningeweza dawati zima, huyu ningemtafuta wa nini? Sura?"

Shemeji alicheka. Afisa naye nusura acheke, akajizuia. "Mimi natekeleza tu, mama."

Hasira zilimpanda Mama Cheche. Alimpokonya shemeji spana, akapiga magoti, akafungua nati zote. Mbao zikalala sakafuni, fremu ikabaki mifupa mitupu.

"Haya. Hii yangu, zile zake. Pima."

"Sasa hapo mtoto atakaa wapi?" afisa alijikuta anauliza.

"Waulize walioandika kanuni."

Kijana aliinamisha macho, akachukua kalamu. Aliwakata wote wawili kwenye orodha kwa mstari mmoja. Kwenye kukatwa, ubia wao ulitambulika.

Nje ya geti walilifunga dawati upya, maana mbao zilikuwa zinateleza kwenye mkokoteni. Wakalikalia hapohapo, mmoja huku, mwingine kule. Simu ikaita.

"Mke wangu, nifunge?"

Mama Cheche aliweka kiganja katikati ya kiti. Mbao zilikuwa zimeshapata joto la jua. Alitaka kumwambia aje hivyohivyo, watakula hata ugali mkavu, lakini karo ya watoto ilikuwa inatoka hukohuko migodini.

"Iache mizigo kwanza, baba."

 Mumewe akauliza dawati lenyewe lilitokaje.

"Zuri," alisema. "Tumelikalia hapa mimi na mdogo wako. Imebaki nafasi moja."