Kivumishi cha Chepkirui

Madam Musimbi alikuwa amefundisha Kiingereza kwa miaka kumi na minne katika shule moja ya mtaa wa Kapsoya, Eldoret, na hakuna somo alilolipenda kama vivumishi. Siku hiyo aliwaeleza wanafunzi kwamba "bored" ni yule aliyechoshwa, na "boring" ni yule anayewachosha wenzake. Kisha akawataka waandike aya fupi kuhusu nyumbani, kila mtu atumie kimojawapo.

Kesho yake, akirudisha madaftari, alisita alipofikia la Chepkirui, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyehamia hapo kutoka Timboroa mwanzoni mwa mwaka. Akasoma kwa sauti sentensi aliyokuwa ameipigia mstari mwekundu: "In my aunt's house I am boring."

"Jamani," akasema, "mwenyewe amekiri."

Darasa zima likavunjika mbavu, na Musimbi naye akacheka. Marvin, wa dawati la nyuma, alilirudia neno "boring" mara mbili tatu, na kufikia wakati wa chai lilikuwa limeshageuka jina.

Jina lenyewe Musimbi hakulisikia kwa karibu majuma matatu. Aliona tu kwamba Chepkirui, aliyekuwa mwepesi wa kuinua mkono, siku hizi akiulizwa swali husimama akatazama vidole vyake mpaka aambiwe aketi. Akadhani ni malaria. Kumbe sivyo. Alhamisi moja alipokuwa akipita barazani alimsikia Marvin akiita, "Boring, leta ufagio," naye Chepkirui akauleta bila kununa, kama mtu aliyeitwa kwa jina la ubatizo.

Musimbi aliingia ofisini akaketi, chai ikapoa mbele yake. Alikuwa mtu wa Vihiga. Alipokuja Eldoret kusoma ualimu, wenzake walimcheka jinsi alivyotamka maneno, akamaliza muhula mzima bila kufungua kinywa darasani. Uchungu huo aliujua vizuri, na bado alikuwa amemtwika mtoto wa watu.

Ijumaa, walimu wengine walipokwenda kula, alimwita Chepkirui. Akamwomba msamaha kwa kumcheka. Akamwambia kosa lile hufanywa hata na watu wazima, na kwamba bila shaka alikusudia kuandika "bored."

Msichana akatikisa kichwa.

"Madam, mimi sikukosea," akasema. "Ulisema boring ni mwenye anachosha wengine. Ni wao wamechoka na mimi. Auntie alimwambia uncle hivyo, nikiwa jikoni."

Chepkirui akaeleza, polepole, kwamba mama yake alikwenda Saudia mwezi wa Januari kufanya kazi za nyumbani, akamwacha kwa dada yake, mwenye watoto watatu na chumba kimoja cha kulala. Jumapili mama hupiga simu kwa auntie, naye Chepkirui hupewa simu auntie akiwa ameketi papo hapo, kwa hiyo humwambia mama yuko sawa.

Musimbi akalifungua daftari lile. Sentensi haikuwa na kasoro yoyote. Mtoto alikuwa amelishika somo barabara kuliko darasa zima, akalitumia kusema jambo asiloweza kulisema kwingine, na mwalimu wake akalisoma mbele ya watu kama kichekesho.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akatangaza kwamba Chepkirui alikuwa amepatia na aliyekosea ni yeye mwalimu, na kwamba lile jina la utani yeye ndiye aliyelizaa, kwa hiyo yeye ndiye anayelizika. Marvin akainamisha kichwa. Hata hivyo jina halikufa lote. Mara mojamoja lilisikika kutoka uwanjani.

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, Musimbi alitafuta namba ya mama yake Chepkirui kwenye fomu ya usajili, akampigia, akampa Chepkirui simu, akatoka nje na kuufunga mlango. Walizungumza Kikalenjin, Musimbi asiambulie hata neno. Alisikia tu sauti ya mtoto ikianza kwa kusitasita, ikakatika kwa kilio, kisha ikaendelea muda mrefu bila kupumzika. Alibaki barazani kwenye baridi, akiona aibu hata kuegemea ukuta.

Baada ya juma moja nyanya yake Chepkirui alikuja kutoka Timboroa kumchukua. Mama alikuwa amempigia simu kutoka Saudia usiku wa siku ile aliyozungumza na mwanawe. Musimbi aliwasindikiza hadi getini. Alifurahi, lakini alijua pia kwamba mtoto alikuwa akiondoka kabla yeye hajapata nafasi ya kulipa kosa lake.

"Asante, madam," Chepkirui akasema, akimpa mkono.

Afadhali angemtukana. Musimbi aliushika mkono ule akamwambia asome kwa bidii, akarudi darasani wanafunzi walikokuwa wakimsubiri.